Sasa shule inaripoti mtoto kwa jina, na kazi imekuwa nyingine

Kwa miaka mingi shule ya msingi ya serikali hapa Tanzania ilijieleza kwa jumla. Mwalimu mkuu alijaza fomu ya TSM (Takwimu za Shule za Msingi) kwa hali ilivyokuwa tarehe 31 Machi: wavulana wangapi, wasichana wangapi, walimu, madawati, matundu ya vyoo. Fomu ilipitia kwa afisa elimu kata, ikafika kwetu halmashauri, tukajumlisha na kupandisha TAMISEMI. Kama darasa la tatu liliandikwa lina watoto 84, hakuna aliyeuliza ni akina nani.

Kilichoibana jumla hiyo ni fedha. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango, na kuanzia Januari 2016 ruzuku ikaanza kwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Kiwango kilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, 6,000 zikifika shuleni na 4,000 zikibaki kwa ajili ya vitabu. Piga hesabu: shule ya watoto 600 inapata shilingi 300,000 kwa mwezi. Ikiandika watoto 700 inapata 350,000. Uhakiki wa mwaka uleule ulibaini maelfu ya wanafunzi hewa. Wapo walioghushi. Lakini wengi wa watoto "hewa" niliokutana nao kwenye rejesta walikuwa watoto wa kweli waliohama bila kuaga, na jina lao hakuna aliyelikata.

Ndiyo maana naunga mkono mfumo wa jina kwa jina, pamoja na usumbufu wake wote. Kwenye PReM, mfumo wa Baraza la Mitihani wa kumbukumbu za wanafunzi, kila mtoto ana namba yake, na asipokuwa nayo hasajiliwi kwa upimaji wa darasa la nne wala mtihani wa darasa la saba. Namba ile ni moja. Familia ikitoka Tabora kwenda Geita kutafuta malisho au mashamba mapya, mtoto hawezi kuhesabiwa kote kuwili. Uhamisho unatakiwa uanzie shule anakotoka, na hapo ndipo kazi inapokwama: mwalimu mkuu wa kule hajui mtoto kaenda wapi, na wa huku anaye mtoto darasani lakini kwenye mfumo hayupo. Usingoje mwezi wa usajili wa mitihani. Mtoto akipokelewa leo, piga simu shule ya zamani leo.

Upande wa walimu mabadiliko yalianzia kwenye vyeti. Aprili 2017 uhakiki uliwakuta watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, wakiwemo walimu. Siku hizi taarifa za mwalimu zinafungwa na cheki namba, yaani namba yake ya utumishi, na utendaji wake unajazwa kwenye PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji, mahali pa ile OPRAS ya makaratasi. Kwangu mimi kipengele chenye uzito kuliko vyote ni somo analofundisha. Ikama, yaani idadi ya walimu iliyopangwa kwa shule, inaweza kuonyesha sekondari ina walimu 20, kumbe wa fizikia hakuna hata mmoja. Msawazo, yaani kuhamisha walimu kati ya shule ili wagawanyike sawa, ukipangwa kwa idadi ya vichwa, shule hiyo itanyang'anywa mwalimu badala ya kuongezewa. Kwa hiyo, mkuu wa shule, andika somo analolifundisha kweli, hata kama cheti kinasema jingine.

Kero ninayoisikia kila kata ni kujaza kitu kilekile mara mbili tatu: SIS (mfumo wa taarifa za shule) inataka, PReM inataka, na bado halmashauri tunaomba jedwali la Excel kabla ya saa nane mchana. Walimu wana haki kulalamika. Taarifa iliyokwisha kuingia kwenye mfumo, sisi wa ngazi ya juu tunapaswa kuichukua humo wenyewe. Kishikwambi kilichogawiwa baada ya Sensa ya 2022 hakimwongezei mwalimu saa za siku.

Lipo jambo linaloninyima usingizi zaidi. Fomu ya zamani iliuliza walioacha shule na sababu: utoro, vifo, mimba. "Mimba 3" ilikuwa takwimu. Sasa sababu inakaa pembeni ya jina la binti, la kijiji chake na simu ya mzazi wake. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 umemfungulia binti huyo mlango wa kurudi shule, na akirudi atawakuta walimu na wenzake ambao huenda waliona orodha ile ikizunguka kwenye kundi la WhatsApp. Nimeziona orodha za namna hiyo zikitumwa humo kwa nia njema kabisa, kwa sababu tu tarehe ya mwisho ilikuwa imewadia.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Shuleni maana yake ni hii: majina yaingizwe ndani ya mfumo tu, na kundi la kata libakie la kukumbushana tarehe. Nywila ya shule isiandikwe ukutani ofisini, wala asikabidhiwe kijana wa steshenari eti aingize majina kwa malipo. Na mwalimu mkuu akihamishwa, nywila ibadilishwe siku ya makabidhiano, pamoja na funguo na daftari la mali.