Fangasi ya ukeni ni nini?

Fangasi ya ukeni ni mwasho na uvimbe unaotokea hamira iitwayo Candida, aghalabu Candida albicans, inapozaana kupita kiasi. Ni jamaa ya mbali ya hamira inayoumua mahamri, nayo pia hupenda joto, unyevu na sukari. (Kula mahamri hakukuambukizi, hamira ya unga ni aina nyingine.)

Wanawake wengi wenye afya wanayo kidogo bila kujua, kwani bakteria wazuri wa ukeni, laktobasili, huibana isienee. Ukimeza antibiotiki kama amoksilini kwa ugonjwa mwingine, hao walinzi nao hufa, fangasi ikapata nafasi. Ujauzito na kisukari kisichodhibitiwa huipa nafasi vilevile. Kwa hiyo si uchafu, wala haihesabiwi miongoni mwa magonjwa ya zinaa. Mume asiye na dalili hahitaji dawa.

Dalili zake ni mwasho mkali, mkojo kuchoma unapogusa ngozi iliyochubuka, na ute mzito mweupe kama maziwa yaliyokatika, usio na harufu kali. Hapo ndipo wengi hukosea dukani. Ute mwepesi wa kijivu unaonuka shombo ya samaki ni bakteria. Wa kijani au manjano wenye povu huenda ni trikomona, kijidudu cha zinaa. Hayo mawili hutibiwa kwa metronidazoli, dawa ambayo haiui fangasi hata kidogo.

Tiba ya kawaida ni tembe ya kuingiza ukeni ya klotrimazoli, ya miligramu 500, mara moja, au ya miligramu 200 kwa usiku 3. Isukume ndani kabisa ukiwa umeshalala, ukisimama itamwagika. Usianze ukiwa hedhini, damu itaibeba. Dawa hii huweza kudhoofisha kondomu. Mbadala ni kidonge kimoja cha flukonazoli cha miligramu 150, lakini mjamzito asikimeze: yeye hutumia klotrimazoli kwa usiku 7, baada ya kuonana na mkunga au daktari. Nafuu huja ndani ya siku chache, si saa chache. Kitunguu saumu kisiingizwe, kinaunguza.

Kaskazi ya Mombasa, na taiti za nailoni chini ya buibui, hufuga jasho. Vaa chupi ya pamba, uibadilishe ikilowa, na ukitoka kuogelea usikae na nguo mbichi. Nje osha kwa maji matupu. Ndani usioshe kabisa, uke hujisafisha. Sabuni za manukato na dawa za kuua viini huwasha ngozi na kuvuruga laktobasili, kisha mtu huzidi kuosha kwa sababu anawashwa. Na udi ufukize nguo na nywele, si uke.

Ikirudi mara 3 au zaidi kwa mwaka, usinunue tembe nyingine. Pima sukari na VVU, na ute upelekwe maabara, kwani kuna aina za Candida zisizosikia flukonazoli. Maumivu ya tumbo la chini, homa, au damu isiyo ya hedhi si fangasi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.