Kabla Hujaitupa Mbuzi ya Bibi

Wageni wengi wakiingia Makumbusho ya Lamu huulizia siwa kwanza, yale mabaragumu makubwa ya sherehe, na wana haki. Siwa ya pembe za ndovu kutoka Pate na siwa ya shaba ya Lamu ni vitu ambavyo mji wowote ungejivunia. Lakini siwa ilipulizwa siku za sherehe kubwa. Siku nyingine zote watu walikuna nazi, walisuka mikeka na kutoboa mbao. Vyombo vya kazi hizo ndivyo ninavyotaka tuvitazame, maana ndivyo vinavyotoweka upesi majumbani mwetu.

Chukua mbuzi ya kukunia nazi. Ukiipitia juu juu utaona vibao viwili vilivyopishana na chuma chenye meno mbele yake. Sasa ikaribie. Mbuzi iliyotumika miaka mingi kibao chake cha kukalia kimelainika na kung'aa bila kupakwa rangi wala vanishi. Ni nguo za waliokikalia ndizo zilizokisugua. Meno nayo mara nyingi yamelika zaidi upande mmoja, kwa sababu kila mkunaji ana namna yake ya kuzungusha kifuu na haibadilishi. Alama hizo ndizo zinazotueleza kazi ilivyofanyika. Mbuzi mpya kutoka dukani haina habari hiyo.

Mwenzake mbuzi ni kifumbu, chujio la kusukwa. Nazi iliyokunwa hutiwa humo ikakamuliwa tui zito, kisha chicha hurudiwa kwa maji ipatikane tui jepesi. Vifumbu vya zamani ni adimu sana kwenye makusanyo ya vitu vya kale, na sababu yake si kwamba vilikuwa vichache. Vilisukwa kwa majani, vikatumika hadi vikachanika, vikaishia jaani au mekoni. Mikeka, misala, makawa na vikapu vilipata mwisho huo huo, na vilivyosalia huandamwa na unyevu wa bahari na wadudu. Kilichodumu ni shaba, chuma na mbao ngumu. Kwa hiyo mtu akiyapima maisha ya Waamu, watu wa Lamu, kwa makabati ya makumbusho peke yake, ataona kazi ya seremala na ya mfua shaba, na kazi ya mama aliyesuka ukili barazani itampita. Hilo ni pengo kubwa, na mimi naliona zito kuliko kukosa kiti cha enzi kimoja zaidi.

Kwa mafundi hali ni afadhali kidogo. Matondoni, kijiji cha waundaji majahazi kisiwani Lamu, tezo la kuchongea mbao na kalafati ya kuziba nyufa za chombo bado ni maneno ya kila siku. Keke, kifaa cha kutobolea mbao, ndiyo inayostahili kutazamwa kwa makini. Chuma cha kutobolea hukazwa kwenye msukano wa mti. Msukano huzunguka ndani ya jivu, yaani kishikio cha juu, ambalo fundi hulikandamiza kwa mkono mmoja. Mkono wa pili huvuta na kusukuma uta, na kamba ya uta iliyozungushwa kwenye msukano huuzungusha huku na huku. Mbao za jahazi hutobolewa kwanza ndipo msumari upigwe, la sivyo mti mgumu hupasuka. Msukano mkongwe huwa na mfereji pale kamba ilipopita, na ukipitisha kidole utausikia.

Ndiyo maana ninawaomba wenye vyombo vya aina hii: msivisugue kwa msasa, msivipake vanishi wala mafuta, msibadilishe mpini uliolika. Vumbi liondoeni kwa brashi laini au kitambaa kikavu. Viwekeni mbali na ukuta wenye unyevu na mviinue visiguse sakafu, mchwa wasivifikie. Kisha andikeni: nani alikitumia, mtaa gani, alikipata wapi, alikiitaje. Kama mwenyewe yu hai, mrekodini kwa simu akikitumia, mikono ikionekana vizuri. Dakika mbili za bibi akikamua tui zina thamani kubwa kwa mtafiti.

Kuna na suala la sheria. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya Taifa ya mwaka 2006 inavilinda vitu vya kale vilivyotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895, pamoja na milango na fremu za nakshi zilizochongwa kabla ya 1946. Kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Mnunuzi akija na pesa taslimu akitaka mlango wa nyumba ya urithi ausafirishe, muulizeni kibali kwanza. Na asiye na uhakika na umri wa kitu chake akipige picha pale pale kilipo, kabla ya kukisogeza, aje nayo makumbusho. Hata kifumbu kilichochanika tutakipokea.