Udzungwa: tanguliza sikio

Mgeni aliyeshinda jana Mikumi, akitazama twiga na nyati kutoka dirishani mwa gari, hufika Mang'ula, penye lango la Udzungwa, na swali moja: mbona sioni mnyama? Wanyama wapo tele. Ila Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa haina barabara za gari za kuzungukia ndani. Ni kilomita za mraba 1,990 za kutembea kwa miguu, ukiwa na askari wa hifadhi kwa sababu ya tembo na nyati, na vingi unavyovitafuta viko juu ya kichwa chako, nyuma ya majani. Kazi yangu ni kufuatilia kima wa msitu huu, na kila anayeniuliza aanzie wapi namwambia: darubini iache shingoni kwanza, sikiliza.

Alfajiri wanaanza mbega weupe. Dume hukoroma kwa sauti nzito inayovuka bonde, dume wa kundi la pili humjibu, kisha wa tatu. Kila kundi linatangaza mahali lilipo. Ukisimama palepale ukatulia, unajua makundi yako upande gani kabla hujapanda hata hatua moja.

Mbega mwekundu ni mwingine kabisa. Huyu ni ndugu wa kima punju wa Jozani, Zanzibar, naye hapatikani popote duniani nje ya milima hii na misitu ya jirani. Makundi yake ni makubwa, na anaporuka huangukia tawi kwa kishindo, hata mtu asiyezoea msitu atamsikia. Chakula chake kikuu ni majani. Tumbo lake lina vyumba, na humo vijidudu huyachachusha majani taratibu, kwa hiyo jua likishapanda kundi hukaa kimya kwa muda mrefu likisaga lilichokula. Wageni wengi huondoka hapo wakidhani mambo yamekwisha, nami huwasihi wakae. Huo ndio wakati wa kuona mama akimchambua mtoto manyoya, madume wakipimana ubavu, na wadogo wakining'inia mikia ya wakubwa.

Mangabei wa Sanje, kima ambaye wenyeji humwita n'golaga, sayansi ilimtambua mwaka 1979 tu. Watafiti waliokuwa katika msitu wa Mwanihana, ambao leo uko ndani ya hifadhi, walisikia mlio wasioutegemea kabla hawajamwona mwenye mlio. Tofauti na mbega, yeye hushuka. Hupekua majani makavu chini akitafuta wadudu, kokwa na uyoga, na meno yake yana nguvu ya kupasua kokwa ngumu ambazo kima wengine huziacha. Lipo kundi lililozoeshwa watu na watafiti, na kukaa nalo ni jambo ambalo sijawahi kulichoka. Lakini ukiwa na mafua usiende. Maradhi yetu huwapata na wao.

Kima wanapokula juu, matunda huanguka, na walio chini hupata fungu lao. Kwa hiyo chini ya mti wenye kelele tazama ardhini pia: paa hupita hapo, na sange, yule mwenye pua ndefu, huchakura kwenye majani makavu. Minde, swala wa msituni anayeishi Tanzania pekee, ni msiri mno. Hata sisi wa kazi hii tunamjua zaidi kwa picha za kamera za kutegesha.

Utajiri huu una sababu yake. Mvua hutoka Bahari ya Hindi, na milima hii imekaa na misitu muda mrefu mno, imetengana na mingine, viumbe wakajibadilikia humo peke yao. Tena upande huu wa mashariki msitu hupanda bila kukatika kutoka kama mita 250 hadi zaidi ya mita 2,000, jambo adimu sana Afrika Mashariki. Mpaka leo milima inatoa wapya: kipunji, aina ya kima, alitangazwa mwaka 2005, na sange mwenye uso wa kijivu mwaka 2008. Hao wawili wako kwenye misitu ya juu huko Ndundulu. Matembezi ya siku moja hayawafikii. Siku moja inakutosha kwenda maporomoko ya Sanje, yenye mita 170, na njia yake ina mbega wa kutosha.

Ukimya nao una habari. Kelele zikikatika ghafla, inua macho: huenda tai mkubwa mwenye kishungi, anayewinda kima, amepita. Ukimya wa aina nyingine ndio unaoniuma. Katika msitu wa Uzungwa Scarp, nje ya hifadhi upande wa kusini, uwindaji umempunguza mbega mwekundu vibaya sana, kwa kuwa hukaa wazi kwa makundi na ni rahisi kumlenga. Mwanihana wamelindwa, na bado wapo wengi. Kwa hiyo tunapita njia zilezile, mwezi hata mwezi, tukiandika kila kundi tunalokutana nalo, ili idadi ikianza kushuka ijulikane mapema, wakati bado kuna wa kuokolewa.