Mwanaisimu si Mpiga Ramli

Kwa mara nyingine nimeletewa picha ya ujumbe wa simu unaosema "ile hela tuma kwenye namba hii", na kwa kuwa isimu ya kisheria, yaani uchunguzi wa lugha kwa ajili ya kesi, ndiyo kazi yangu, nimeombwa nimtaje tapeli aliyeuandika. Siwezi, na hakuna mwenzangu anayeweza. Ujumbe huo ni mfupi mno na umenakiliwa na matapeli wasiohesabika. Hata ungekuwa na "xaxa" na "cjui" ndani yake, tahajia hizo ni za kizazi kizima.

Kazi yetu ni kulinganisha. Tunahitaji maandishi yenye utata, maandishi mengine ya aina ileile ambayo mwandishi wake anajulikana bila shaka, na washukiwa wachache. Hata Ted Kaczynski, Mmarekani aliyetuma mabomu kwa posta na ambaye kila mtu hunitajia, hakufichuliwa na wanaisimu peke yao: waraka wake wa maneno 35,000 ulipochapishwa mwaka 1995, shemeji yake na mdogo wake ndio waliomshuku, na barua zake za zamani zikalinganishwa na waraka huo hadi FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ikapata hati ya upekuzi.

Mfano ninaouthamini zaidi hauhusu kabisa mwandishi asiyejulikana. Derek Bentley, kijana wa miaka 19, alinyongwa London mwezi Januari 1953 kwa mauaji ya askari polisi huko Croydon, ingawa aliyefyatua risasi alikuwa mwenzake wa miaka 16. Polisi waliapa kwamba maelezo yake ya onyo, yaani yale mtuhumiwa anayotoa polisi baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika mahakamani, aliyasimulia mwenyewe, nao wakaandika tu bila kumuuliza maswali. Miongo kadhaa baadaye, mwanaisimu Malcolm Coulthard aliyachambua maelezo hayo ya maneno 582 na kukuta neno lenye maana ya "kisha" limetumika mara 10, tena pengine limewekwa baada ya "mimi", mpangilio ambao Mwingereza wa kawaida hautumii sana anaposimulia lakini ulijaa katika maelezo yaliyoandikwa na askari. Isitoshe, yalikuwamo makanusho kama "sikujua kwamba angetumia bunduki". Na mtu hakanushi jambo ambalo hakuna aliyelitaja, isipokuwa ameulizwa.

Uchambuzi huo haukusema kwamba Bentley hakuwa na hatia. Ulisema tu kwamba madai ya polisi kuhusu jinsi maelezo yalivyopatikana hayaaminiki. Na hukumu ilipotenguliwa mwaka 1998, sababu kuu ilikuwa namna jaji alivyowapotosha wananchi walioketi kuamua kesi, jambo ambalo sisi wanaisimu hulipitia haraka sana tunapojisifu.

Hapa kwetu nina mashaka zaidi. Kijana wa mtaani hasimulii kwa kusema "mnamo majira ya saa 2 usiku, maeneo ya sokoni", kwa hiyo nikikuta maneno hayo katika maelezo ya onyo nashuku kalamu ya mpelelezi. Lakini aliyezoea taarifa za redioni anaweza kuyatumia mwenyewe akiwa mbele ya afisa. Tena mtuhumiwa huenda alizungumza Kisukuma, na afisa akaandika Kiswahili sanifu, hivyo kila sentensi ina wenyewe wawili, na hesabu ya Coulthard haiwezi kuhamishiwa huku kama ilivyo. Nikipewa sauti iliyorekodiwa ya mahojiano, nina la kusema. Nikipewa karatasi iliyosainiwa peke yake, mara nyingi huandika kwamba haiwezekani kutenganisha maneno ya mmoja na ya mwingine, na wakili aliyenilipa huondoka amenuna.