Je, Wajua Kwa Nini Mpiga Picha wa Michezo Huzima Flashi Hata Usiku?

Katika mechi kubwa ya usiku, mchezaji anapouweka mpira kwenye nukta ya penalti, majukwaa humetameta kama anga lenye nyota, kwa sababu watazamaji kwa mamia wanapiga picha na flashi za simu na kamera zao ndogo zinawaka karibu kwa pamoja. Ukitazama nyuma ya goli, waliko wapiga picha wa magazeti na mashirika ya habari, hutaona hata mwako mmoja. Hao ndio wenye vifaa bora kuliko wote uwanjani, na ndio waliozima flashi. Kwa nini?

Jibu la kwanza limo katika tabia ya mwanga wenyewe. Mwanga unaotoka kwenye kitu kidogo hutawanyika kadiri unavyosafiri, na nguvu yake hupungua kwa mraba wa umbali: umbali ukiwa mara mbili, mwanga unaofika ni robo tu, na ukiwa mara kumi, ni sehemu moja ya mia. Watengenezaji huipa kila flashi namba ya nguvu, ambayo ukiigawanya kwa namba ya tundu la lenzi (ile inayoandikwa kama f/4) unapata umbali, kwa mita, ambao flashi hiyo itamulika ipasavyo kwenye ISO 100, ISO ikiwa ni kipimo cha wepesi wa kamera kupokea mwanga. Kwa flashi iliyojengwa ndani ya kamera, namba hiyo mara nyingi hukaribia 12. Kwa tundu la f/4, basi, flashi hiyo inafika mita 3, na hata ukipandisha ISO hadi 1600 haivuki mita 12. Mtazamaji aliyeketi mita 60 kutoka kwa mpigaji penalti anamulika visogo vya watu wa safu za mbele, na ndivyo picha yake inavyotoka: visogo vyeupe vinavyong’aa, na mbele yao uwanja uliozama gizani. Tena kamera nyingi zinazojipangia kila kitu, flashi ikiwashwa, huacha kutafuta mwanga wa uwanja na kuitegemea flashi hiyo kana kwamba itafika. Angeizima tu, taa za uwanja zingempa picha nzuri zaidi.

Je, mwenye flashi kubwa ya kupachika juu ya kamera, anayesimama kando ya uwanja wa mpira wa kikapu au wa mikono, mita 8 tu kutoka kwa wachezaji? Kwake mwanga unafika bila shida, lakini hapo linaingia suala la shata, yaani mlango wa kamera unaofunguka kupitisha mwanga na kufungwa tena. Kamera nyingi zina shata ya mapazia mawili: la kwanza hufunguka na kuacha mwanga ufike kwenye kihisi, yaani bamba linalopokea picha, la pili hufuata na kukifunika. Katika kasi kubwa, pazia la pili huanza kutembea kabla la kwanza halijamaliza safari, hivyo kihisi hakiwi wazi chote kwa wakati mmoja, na kinachopita juu yake ni mwanya mwembamba tu. Flashi ikiwaka wakati huo, sehemu ya picha hupata mwanga na sehemu nyingine hubaki ukanda mweusi. Ndiyo maana kamera nyingi haziruhusu flashi ya kawaida kuvuka kasi ya 1/200 au 1/250 ya sekunde. Mkimbiaji anayekwenda mita 10 kwa sekunde husogea sentimita 4 katika 1/250 ya sekunde, na mikono na miguu yake husogea zaidi ya hapo, hivyo picha hutoka imetikisika.

Mtu anaweza kusema kwamba mwako wenyewe ni mfupi mno, kwa hiyo utamgandisha mchezaji hata shata ikienda polepole. Ni kweli, na Harold Edgerton wa chuo cha MIT nchini Marekani alilithibitisha jambo hilo kwa namna isiyosahaulika: mwaka 1964 alipiga picha ya risasi ikiwa imelitoboa tufaha, kwa mwako uliodumu muda mfupi kuliko jicho linavyoweza kufikiria. Lakini yeye alifanya kazi gizani, ambako hakukuwa na mwanga mwingine wa kuingilia. Ukumbi wa michezo una taa. Shata ikiwa wazi kwa 1/250 ya sekunde, kihisi hupokea mwanga wa flashi kwa kitambo kidogo sana, na mwanga wa taa za ukumbi kwa muda wote uliobaki, hivyo picha mbili hulaliana. Ikuze picha ya namna hiyo na uutazame mkono wa mrushaji mpira: vidole vinaonekana wazi kabisa, hadi kucha zinahesabika, na mbele yake kuna mkono wa pili kama moshi, unaoelekea mpira unakokwenda. Zipo flashi zinazoweza kuwaka mfululizo kwa midundo ya haraka ili kuufuata mwanya wa shata, lakini kufanya hivyo hula nguvu nyingi na kufupisha umbali unaofikiwa. Kamera ya Sony a9 III, iliyotangazwa mwaka 2023, iliondoa kikwazo hicho kwa kihisi kinachosoma picha nzima kwa mara moja, ingawa haikuondoa kikwazo cha umbali. Wala haikuondoa cha betri, maana flashi iliyotumia nguvu zake zote huhitaji sekunde kadhaa kujaa tena, na katika muda huo kamera ya kisasa ingekuwa imepiga picha nyingi za tukio lile lile.

Sababu ninayoiona nzito kuliko zote, hata hivyo, ni macho ya mchezaji. Mwanga mkali unapoingia jichoni ghafla, kemikali zinazopokea mwanga kwenye retina huchoka mahali hapo, na mtu hubaki akiona doa linaloelea mbele yake kwa sekunde kadhaa. Mfikirie mwanamichezo wa jimnastiki juu ya boriti yenye upana wa sentimita 10, iliyoinuliwa mita 1.25, akirukia nyuma na kutegemea macho yake kuiona boriti kabla mguu haujatua. Doa hilo likimfika wakati huo, anaweza kuvunjika. Shirikisho la kimataifa la mchezo huo limepiga marufuku flashi, na katika mashindano makubwa ya tenisi haitakiwi. Katika kuogelea, kifaa cha kuanzishia hutoa mlio pamoja na mwako wa taa, ili wapima muda na waogeleaji viziwi waone. Flashi ya kamera wakati huo inaweza kudhaniwa kuwa ndiyo ishara yenyewe. Pale ambapo hakuna kanuni iliyoandikwa, muulize mwamuzi au kocha kabla ya mchezo kuanza, na akikataa, usibishane naye.

Haya yote hayafanyi flashi kuwa adui wa michezo. Tarehe 25 Mei 1965, huko Lewiston katika jimbo la Maine, Neil Leifer alimpiga picha Muhammad Ali akiwa amesimama juu ya Sonny Liston aliyelala chini, kwa mwanga wa flashi zilizofungwa juu ya ulingo. Hadi leo, katika kumbi nyingi za ligi ya NBA, flashi kubwa hufungwa juu karibu na paa na kuwashwa kwa mawimbi ya redio. Hazilengwi usoni kwa mchezaji, kwa kuwa mwanga wake hushuka kutoka juu, mbali na anakotazama. Mchana wa jua kali, nao, ni wakati ambao wengi hawaufikirii. Jua likiwa utosini, kofia au helmeti huacha macho ya mchezaji katika kivuli kizito, na flashi yenye nguvu ndogo, kwa mtu aliye mita 3 au 4, huufungua uso bila kuharibu anga nyuma yake. Mimi huitumia hasa baada ya kipyenga cha mwisho.

Kwa aliye ndani ya ukumbi wenye mwanga hafifu bila ruhusa ya flashi, zipo njia nyingine. Fungua tundu la lenzi hadi mwisho, pandisha ISO hadi 3200 au 6400, na uzikubali chembechembe zitakazoonekana, kwa kuwa picha yenye chembechembe inasomeka na iliyotikisika haisomeki. Kisha subiri kilele. Mrukaji akifika juu kabisa, kasi yake ya kupanda imekwisha na ya kushuka haijaanza: katika sehemu moja ya kumi ya sekunde baada ya kilele, mwili wake unashuka sentimita 5 hivi tu. Ukibonyeza hapo, hata 1/250 ya sekunde, ambayo ingezivuruga mbio zake za kujiandaa kuruka, inatosha kuutoa uso wake ukiwa safi, huku mpira ukiwa bado kwenye ncha za vidole.