Kuruta wa nyumbani: maana ya kumpoteza, na kwa nini mashabiki wa vyuo Marekani huomboleza

Kwa Kiswahili, kuruta ni kijana wa jeshini: amenyolewa kichwa, anaamshwa alfajiri, anapigishwa kwata. Neno lenyewe lilitujia kutoka Kiingereza, na Wamarekani wanalitumia hilohilo katika michezo ya vyuo vikuu, ila kwao mambo yamepinduka. Kuruta wa futiboli haamrishwi na mtu, anabembelezwa. Makocha wanaolipwa mamilioni ya dola hupanda ndege kwenda kukaa sebuleni kwa mama yake, wakala chakula chake, wakaeleza watamtunza vipi mwanawe. Ni posa hasa, na wachumba ni wengi.

Futiboli ninayoizungumzia ni ile ya Kimarekani, ya mpira wenye umbo la yai na kofia ngumu kichwani. Kumpoteza kuruta wa nyumbani ni pale kijana wa sekondari aliyekulia karibu na chuo fulani, mwenye kipaji kinachojulikana jimbo zima, anapochagua kwenda kucheza kwingine. Akienda mbali sana, watu huumia kidogo. Akienda kwa hasimu wa jirani, huwa ni msiba.

Sisi tuliozoea soka tunajua klabu ikiondokewa na mchezaji angalau inabaki na ada ya uhamisho. Huku hakuna cha kubaki nacho. Shule ya sekondari haiuzi mtu, na chuo kilichokosa hakilipwi senti. Uamuzi wote uko mikononi mwa kijana wa miaka 17 au 18 na wazazi wake.

Safari yake huanza mapema. Wapo wanaopata ofa, yaani ahadi ya chuo kuwalipia masomo, kabla hata hawajamaliza mwaka wa kwanza wa sekondari. Makampuni yanayofuatilia vipaji humpa kila kijana nyota. Wanaopata nyota 5 huwa 30 hivi kwa mwaka katika nchi nzima. Kisha huja ahadi ya mdomo: kijana anatangaza kwamba atakwenda chuo fulani. Mashabiki husherehekea, lakini ahadi hiyo haimfungi yeye wala chuo, kama vile uchumba usivyokuwa ndoa. Anaweza kugeuka siku yoyote kabla ya kumwaga wino, na wengi hugeuka. Wino wenyewe humwagwa Desemba, katika dirisha la mapema lililoanza mwaka 2017, au Februari, siku ya jadi. (Wazazi wetu walioko Marekani wenye mtoto anayecheza walishike hili: ofa ya mdomo si ofa iliyoandikwa.)

Wengi hutangaza uamuzi kwa kofia. Kijana anakaa mezani na mbele yake zimepangwa kofia tatu au nne, kila moja na nembo ya chuo. Kamera zinawaka. Anaivaa moja. Kwa mashabiki wa vyuo vingine, miaka miwili au mitatu ya kusubiri imeishia hapo.

Mfano ninaourudia kila mara ni wa Louisiana, Januari 2012. Landon Collins, mlinzi wa nyuma kutoka Sekondari ya Dutchtown, mji wa Geismar, alikuwa mmoja wa vijana bora wa mwaka wake nchini. Geismar haiko mbali na Baton Rouge, makao ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, LSU. Tarehe 5 Januari, katika mechi ya vijana bora iliyorushwa moja kwa moja na televisheni ya taifa, alitangaza kwamba anakwenda Chuo Kikuu cha Alabama, hasimu mkubwa wa LSU. Mama yake alikuwa ameketi kando yake. Hakushangilia. Alitikisa kichwa, na alipopewa kipaza sauti alisema wazi kwamba yeye aliona LSU ndiyo mahali bora kwa mwanawe. Siku nne baadaye, LSU na Alabama zilikutana New Orleans kugombea ubingwa wa taifa. LSU ilikuwa haijafungwa msimu mzima. Alabama ilishinda 21 kwa 0.

Niliwahi kumwonea huruma kijana yule, na bado namwonea, lakini pia nilimwelewa mama. Alisema mbele ya taifa kile ambacho maelfu ya watu wa jimbo lake walikuwa wakikisema majumbani mwao.

Kwa nini iume hivyo? Jibu rahisi ni kwamba timu imekosa mchezaji mzuri, na kweli imekosa. Lakini darasa, yaani makuruta wa mwaka mmoja, huwa na wachezaji 20 au 25, na timu nzima ilikuwa na nafasi 85 za ufadhili hadi mwaka 2024. Hesabu ya mtu mmoja haielezi machozi yote yale. Tuangalie timu ya chuo ni nini kwa watu wa mahali kama Louisiana. Ni jimbo la watu milioni 4.6 hivi, lenye chuo kimoja tu katika ligi kubwa ya Kusini-Mashariki. Uwanja wake, Tiger Stadium, unaingiza watu zaidi ya 102,000. Walioko kule ndani wengi hawakusoma LSU. Ni mafundi, wavuvi, walimu, wafanyakazi wa viwanda vya mafuta. Ile ndiyo timu yenye jina la kwao, na wanataka kuona jina hilo limebebwa na watoto wa kwao: yule ambaye babu yake wanamjua, yule waliyemwona akicheza Ijumaa usiku kwenye uwanja wa sekondari wenye benchi za mbao.

Ndiyo maana makocha wa huko hupenda kuahidi kwamba watalijengea jimbo ukuta. Maana yake si kuwazuia watu kuingia, bali kuwazuia vijana bora wasitoke. Kila kocha mpya hulisema, mashabiki hulishika, na kijana mmoja wa nyota 5 akitoka husemwa kwamba ukuta umebomoka.

Kwa LSU kidonda kilikuwa na chumvi zaidi. Aliyekuwa akiubomoa ukuta alikuwa Nick Saban, kocha aliyewapa wao wenyewe ubingwa wa msimu wa 2003. Aliondoka mwaka 2004 kwenda ligi ya kulipwa, akarudi kwenye vyuo mwaka 2007, safari hii Alabama. Njia za Louisiana alizijua, makocha wa sekondari aliwajua. Kabla ya Collins alikuwa ameshamchukua Eddie Lacy kutoka Dutchtown hiyohiyo.

Halafu kuna DeVonta Smith. Huyu ni wa Amite, mji mdogo ulio kama saa moja kwa gari kutoka Baton Rouge. Februari 2017 alichagua Alabama. Mwaka uliofuata, fainali dhidi ya Georgia, ndiye aliyeudaka mpira wa mwisho katika muda wa nyongeza na kuipa Alabama ubingwa. Desemba 2020 alirudi Tiger Stadium, uwanja ukiwa na watu wachache kwa sababu ya korona, akadaka mipira iliyoisogeza timu yake jumla ya yadi 231 na kufunga mara 3. Alabama 55, LSU 17. Msimu huo akatwaa tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo. Hapo ndipo utaona kwamba kumpoteza kuruta si jambo la siku moja. Siku ya kofia ni mwanzo tu. Unampoteza tena kila mwaka anapokuja kukufunga nyumbani kwako, huku jirani zake wakigawanyika kati ya kumzomea na kumpigia makofi mtoto wao.

Sasa mashabiki hufanya nini? Wengi, saa chache baada ya kofia kuvaliwa, huwa sungura wa hadithi: sizitaki mbichi hizi. Kijana waliyemwita mwokozi wiki iliyopita ghafla ni mfupi, ni mzito, kiwango chake kimekuzwa. Mimi silichukii hili. Ni njia ya binadamu kufunga kidonda, na halimdhuru mtu likibaki kuwa maneno ya kijiweni.

Wengine humgeukia kocha, na hawa mara nyingine wana hoja. Kuna vijana wa jirani ambao chuo cha nyumbani kiliwachelewesha kwa kudhani kwamba hawana pa kwenda, kikatumia nguvu zake kuwafuata wa mbali. Kijana huona. Akipigiwa simu kila wiki na chuo cha jimbo la pili, na cha kwao kikamkumbuka mwezi wa mwisho, uchaguzi wake una sababu, na shabiki anayeuliza kocha alikuwa wapi anauliza swali la haki.

Kundi la tatu ndilo linaloniuma. Ni wale wanaomwandikia kijana mwenyewe matusi, wakamwita msaliti, wakawaingiza na wazazi wake. Msaliti huvunja deni, na huyu hana deni. Anakwenda kuuweka mwili wake katika mchezo unaovunja magoti na kutikisa ubongo, kwa kazi ambayo kwa wengi wao haitafika ligi ya kulipwa. Kuchagua atafanyia wapi ni haki ndogo kabisa aliyonayo. Huzuni ya shabiki ni ya kweli na sioni sababu ya kuicheka, lakini ni huzuni ya shabiki. Si hatia ya mtoto.

Fedha zimeongeza ukali. Tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao, na tangu mwaka 2025, baada ya mahakama kupitisha makubaliano, vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wanamichezo wao, kwa kikomo cha dola milioni 20.5 hivi kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Kwa hiyo leo kijana akiondoka, neno la kwanza utakalosikia ni kwamba amenunuliwa. Pengine fedha zilikuwa sehemu ya uamuzi. Ila vijana walikuwa wakiondoka nyumbani wakati hakukuwa na malipo halali hata ya senti, na Collins na Smith ni mashahidi.

Jambo ambalo mashabiki hawalioni siku ya maombolezo ni wale waliobaki. Mwaka ambao LSU ilichukua ubingwa bila kufungwa, msimu wa 2019, mmoja wa nguzo zake alikuwa Justin Jefferson wa St. Rose, Louisiana, kijana aliyeingia chuoni na nyota 3 tu. Ja'Marr Chase alikuwa wa karibu na New Orleans. Clyde Edwards-Helaire alikuwa wa Baton Rouge penyewe. Na aliyeirushia timu mpira, Joe Burrow, alikulia Ohio na alihama kutoka chuo cha jimbo lake alikokosa nafasi ya kuanza. Ohio nao walimpoteza wa nyumbani, kwa namna yao.

Novemba 2024 Bryce Underwood, mrushaji aliyehesabiwa wa kwanza nchini katika darasa lake, aligeuka. Tangu Januari alikuwa ameahidi LSU, akachagua Michigan. Baton Rouge walikasirika, wakazungumza juu ya fedha na juu ya neno lililovunjwa. Lakini Underwood ni wa Belleville, Michigan, mwendo mfupi wa gari kutoka Ann Arbor kilipo chuo hicho. Huko walikuwa wamekaa karibu mwaka mzima wakimwomboleza. Usiku ule waliingia mitandaoni kutangaza kwamba mtoto amerudi nyumbani.