Mwenzako kaondoka, LUKU haijashuka: acheni kuisingizia mita

Imekuja tena lawama ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, kwa maneno yaleyale: "Fundi, tulipokuwa wawili tulitumia umeme wa elfu hamsini kwa mwezi. Sasa nipo peke yangu na bado natumia elfu arobaini. Mita hii mbovu." Na ushauri wa jirani hauko mbali: nunua elfu mbili mbili, ukinunua wa mkupuo unaibiwa.

Mita haina tatizo. Na jirani hajui anachosema, ingawa naelewa alikoutoa, nitafika huko.

Kwanza, umeme wa nyumba hauhesabu vichwa. Anayeondoka anaondoka na kuoga kwake, pasi yake na chaji ya simu yake. Friji inabaki, feni inabaki, taa ya nje inabaki. Friji ya milango miwili yenye mpira uliochoka inaweza kula uniti moja na nusu kwa siku, iwe imebeba chakula cha watu sita au chupa mbili za maji na limau lililokauka.

Ipime, usibishane nayo. Usiku kabla ya kulala zima kila kitu isipokuwa friji, andika uniti zilizobaki, soma tena asubuhi. Saa nane zikila 0.3, una friji nzuri. Zikila 0.6, weka noti kwenye mlango, funga, kisha ivute: ikitoka bila kukaza, mpira umekufa, badilisha. Isogeze friji sentimita 10 kutoka ukutani na shusha namba ya baridi hadi 2 au 3. Vitabu vinasema ujaze friji tupu kwa chupa za maji ili itunze baridi. Kwa mtu mmoja anayefungua mlango mara tano kwa siku, sina hakika kama faida hiyo inaonekana kwenye mita. Chaja kwenye soketi bila simu? Sahau, hiyo ni senti.

Sasa bei, maana hapa ndipo pesa zilipo na hapa ndipo watu hawataki kutulia.

Kwa bei za EWURA, mdhibiti wa nishati, za 2016, mteja wa D1 (matumizi madogo ya nyumbani) analipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 za mwezi, na kila uniti inayozidi ni 350. Mteja wa T1 (matumizi ya kawaida) analipa 292 kuanzia uniti ya kwanza. Ongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1: D1 inakuwa 122, ziada yake 427, T1 inakuwa 356. Hujui uko tarifu gani, yaani kundi gani la bei? Angalia ujumbe wa tokeni ambayo haikukatwa kodi ya jengo. Elfu moja ikikupa uniti 8.2, uko D1. Ikikupa 2.8, uko T1.

Chukua huyo wa elfu hamsini. Nyumba ya watu wawili ilikula uniti 140, kwa T1 hiyo ni karibu elfu hamsini. Peke yake anakula 110, elfu thelathini na tisa. Ndiyo maana anaona hakuna kilichobadilika. Lakini akishuka chini ya 75 na akahamishiwa D1, bili haipungui kidogo kidogo, inaporomoka: uniti 67 kwa T1 ni kama 23,900, kwa D1 ni 8,174. Kukaa peke yako kunakuweka mlangoni mwa tarifu hiyo, na watu wanapita mlangoni wakilalamikia mita.

Uniti 75 kwa mwezi ni mbili na nusu kwa siku. Mtu mmoja: friji 0.9, feni ya wati 60 kwa saa nane 0.48, birika mara mbili 0.22, tivii ndogo saa nne 0.2, taa nne za LED 0.18, pasi na simu 0.08. Jumla 2.06. Unatosha. Sasa ongeza hita ya kuogea ya kilowati 5 kwa dakika kumi: 0.83. Umefika 2.89, uniti 87 kwa mwezi, na umetoka. Si friji wala tivii, ni bafu. Birika moja la lita 1.7 lililochemka ukilichanganya na lita saba za maji ya bomba kwenye ndoo linakupa maji ya kama nyuzi 40 kwa uniti 0.17. Ndiyo, kwa ndoo na kata. Ukikataa ni sawa, ila usiniletee malalamiko ya mita.

Tarifu haibadiliki yenyewe kwa sababu moyo wako umevunjika. TANESCO wanaangalia wastani wa matumizi, kwa hiyo kaa chini ya 75 miezi kadhaa kwanza, ndipo uende ofisi ya eneo lako na namba ya mita. Mita ikiwa ya mwenye nyumba, ongea naye kabla. Na kama umehamia chumba cha mita ya pamoja, hesabu hii yote haikuhusu: vyumba vinne havitakaa chini ya 75. Hapo funga mita ndogo ya chumba chako, ulipe ulichokula.

Turudi kwa jirani wa elfu mbili mbili. Kwa T1 uniti ni bei ileile ukinunua za elfu mbili au za elfu hamsini. Kinachomdanganya ni kodi ya jengo, inayokatwa kwenye LUKU tangu 2021: kwa nyumba ya kawaida ilianza 1,000 kwa mwezi, 2023 ikawa 1,500. Inakatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi. Elfu tano ya kwanza inaleta uniti 9.8, elfu tano ya pili inaleta 14. Basi! Hakuna zawadi ya wanaonunua kidogo. Kwa D1 lipo la kuangalia: zinazohesabiwa ni uniti ulizonunua mwezi huo, si ulizowasha. Ukiweka akiba ya Desemba mwishoni mwa Novemba ukavuka 75, ziada unailipa 427. Subiri tarehe moja.

Nyumba iliyokaa tupu miezi minne itakukata 6,000 kwenye tokeni ya kwanza, kwa sababu kodi hiyo inalimbikizwa. Ni deni la mwenye nyumba, si lako. Tunza ujumbe wa tokeni, umwonyeshe mnapopatana kodi ya pango.